Saa ya Mzee na Uso Usio Wake

Baba mdogo hapigi simu mchana isipokuwa kuna msiba. Kwa hiyo alipopiga Jumapili saa saba, nikiwa hata sijamaliza kula, niliipokea nimeshasimama. Akacheka. Hakuna aliyekufa, akasema, anataka tu kuniuliza kuhusu saa ya Mzee. "Wewe si mwandishi wa habari? Kazi yako kuchimba mambo. Hebu chimba hili: saa ile ni ya mwaka gani?"

Saa ya Mzee kila mtu katika ukoo wetu anaijua. Ni saa ya mfukoni, ya duara, nzito kama yai la bata, yenye kasha la fedha lililofifia. Mzee mwenyewe ni babu yao akina baba, aliyefanya kazi reli pale Tabora tangu enzi za Wajerumani mpaka za Waingereza. Hadithi tuliyokua nayo ni kwamba reli ilipofika Tabora mwaka 1912, msimamizi mmoja Mjerumani alivua saa yake akampa Mzee, kwa kuwa ndiye pekee katika kundi lake asiyechelewa kazini. Husimuliwa kila Idi, na kila Idi yule Mjerumani huongezeka urefu.

Sasa kulikuwa na mnunuzi Dar. Ameiona picha, ametoa laki nne. Kisha akaongeza neno lililomkera baba mdogo: mashine ni nzuri, kasha ni la fedha, lakini uso si wake. Akiupata uso unaofaa atauweka, na hapo anaweza kutoa hata laki saba. Bati za nyumba ya Bibi zilikuwa zinavuja tangu masika, na laki saba si pesa ya kuchezea. Ila "uso si wake" maana yake nini? Eti saa ya Mzee ni feki?

Nikamwomba anitumie picha. Sikujua kwamba nitakaa na picha ile miezi miwili.

Kwanza niseme kidogo kuhusu lugha, kwa sababu ndiko nilikoanzia, nikiwa sina jingine ninalolijua. Saa tumeipa uso, tumeipa mikono au mishale, na wazee wa pwani waliiita ile mishale akrabu, yaani nge. Na bado tunasema "tia saa ufunguo" hata pale ambapo hakuna ufunguo wowote, unazungusha tu kile kidude cha juu kwa vidole. Nilikuwa nadhani ni usemi tu. Kumbe ni kumbukumbu. Saa za mfukoni za karne ya 18 na sehemu kubwa ya karne ya 19 zilitiwa ufunguo kweli, ufunguo mdogo wa shaba nyeupe au njano uliokaza kamani iliyo ndani. Saa nyingi za Ufaransa za karne ya 18 zilitiwa ufunguo kwa mbele, kwenye uso wenyewe, kwa hiyo utakuta tundu limetobolewa kati ya tarakimu. Za Uingereza zilikuwa na tundu nyuma, ukifungua kifuniko. Ukiona uso wenye tundu la ziada ambalo si la mishale, ujue una kitu cha kale mkononi. Ufunguo ulianza kustaafu katikati ya karne ya 19, baada ya mafundi kama Adrien Philippe wa Geneva kutengeneza mitambo ya kukaza kamani kwa kichwa cha juu. Sisi hatukuustaafisha kwenye maneno.

Uso wenyewe umetengenezwa kwa nini? Wauzaji wengi wa mitandaoni wataandika kaure. Si kaure. Je, unakumbuka yale mabakuli meupe yenye ukingo wa buluu, yale ambayo yakianguka rangi inabanduka na kuacha doa jeusi la chuma? Uso wa saa ya zamani ni ndugu yake. Fundi alichukua kisahani chembamba cha shaba, akakinyunyizia unga wa kioo, akakichoma tanurini mpaka unga ukayeyuka na kuwa ngozi nyeupe inayong'aa. Hiyo ndiyo enameli. Nyuma pia ilipakwa, kwa sababu ikipakwa upande mmoja tu, shaba hujikunja inapopoa. Baada ya hapo tarakimu zilichorwa kwa rangi nyeusi ya aina hiyohiyo ya kioo, na kisahani kikarudi tanurini, tarakimu zikaungana na uso. Ndiyo maana uso wa miaka 200 unaweza kuwa mweupe pe kuliko shati lako la Ijumaa. Haufifii. Unapasuka tu, nyufa nyembamba kama unywele, na ufa ukishaingia hauzibiki.

Nyuma ya kisahani hicho kuna vijiti viwili au vitatu vya shaba. Hivyo huitwa miguu, na kila mguu huingia kwenye tundu lake katika mashine na kubanwa na skrubu ndogo. Shika neno hilo, miguu. Uso una miguu, naam, na miguu ndiyo iliyoleta kesi nzima.

Nilijifunza kwamba uso wa saa unasomeka kama mwandiko wa mtu, na umri wake hujionyesha pale ambapo mwenye kuutengeneza hakukusudia. Saa za mwanzo kabisa zilikuwa na mshale mmoja tu, wa saa. Dakika hazikuwa na maana, maana chombo chenyewe kiliweza kupotea robo saa kwa siku na hakuna aliyeshangaa. Mwaka 1675 Christiaan Huygens alitangaza springi nyembamba ya kuongoza gurudumu la mizani, na ghafla saa ikawa na haki ya kuzungumzia dakika. Mshale wa pili ukaja. Watengenezaji walikuwa na furaha nao kama mtu mwenye simu mpya: katika nyuso za mwisho wa karne ya 17 na nusu ya kwanza ya karne ya 18 dakika zimeandikwa kwa tarakimu kubwa pembezoni, 5, 10, 15, mpaka 60, wakati mwingine zikishindana kwa ukubwa na tarakimu za saa zenyewe. Kadiri watu walivyozoea, zile tarakimu zikapungua. Kuelekea mwisho wa karne unakuta 15, 30, 45 na 60 tu, ndogo, kisha zinatoweka na kubaki vinukta au vistari. Mtu aliyeshazoea dakika hahitaji kukumbushwa kwamba kwenye III kuna 15.

Umbo nalo linasema. Uso wa karne ya 18 una tumbo, umeinuka katikati kama kifuniko cha sufuria. Karne ya 19 inaupiga pasi. Kisahani kidogo cha sekunde, kile kinachokaa pale kwenye 6, kinakuwa cha kawaida karne hiyo hiyo. Tarakimu za Kirumi zinatawala muda mrefu (na nne yake ni IIII, si IV, kwa hiyo usije ukamshtaki mtu kwa kughushi kwa sababu hiyo kama nilivyotaka kufanya mimi wiki ya kwanza), kisha kuelekea 1900 tarakimu za kawaida, 1, 2, 3, zinashika nafasi zaidi na zaidi.

Halafu kuna jina. Hapa mwandishi wa habari ndani yangu alifurahi, kwa sababu majina yana makaratasi. Kampuni moja ya Marekani iliyoanza mwaka 1864 ikiitwa National Watch Company ilibadili jina mwaka 1874 ikawa Elgin National Watch Company, kwa hiyo jina lililoandikwa usoni linakupa uzio wa miaka. Waltham nao walibadilisha jina mara kadhaa, American Watch Company, kisha American Waltham, na wakusanyaji wanayajua majina hayo kama sisi tunavyojua vikosi vya Simba na Yanga vya miaka ya nyuma. Hata maneno madogo chini ya 6 yana habari. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 kuhusu alama za bidhaa, na ile ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890, zilibana bidhaa za kigeni zijitaje zimetoka wapi. Kwa hiyo ukiona "Swiss" au "Swiss Made" pale chini, kwa kawaida uso huo ni wa kuanzia miaka ya 1890. Serikali mbili zilikuwa zinalinda viwanda vyake, na bila kujua zikatupigia muhuri wa tarehe.

Nilitamani sana saa ya Mzee iwe ya reli. Nisikufiche. Kuna aina ya nyuso za Marekani zinazoitwa za reli, na asili yake ni damu. Aprili 1891, treni mbili ziligongana uso kwa uso Kipton, jimbo la Ohio. Maelezo yaliyobaki ni kwamba saa ya dereva mmoja ilisimama dakika nne kisha ikaendelea kama vile hakuna kilichotokea, naye akaamini bado ana muda. Sonara mmoja wa Cleveland, Webb C. Ball, akapewa kazi ya kukagua saa za wafanyakazi wa reli, na kufikia 1893 masharti yakawa yamekaa sawa: saa isiyo na kifuniko cha mbele, kichwa cha kutilia ufunguo kiwe kwenye 12, isipotee zaidi ya sekunde 30 kwa wiki, na uso uwe mweupe wenye tarakimu nyeusi, kubwa, zisizo na madoido. Ukiziona nyuso hizo unaelewa mara moja. Zimechorwa kwa ajili ya mtu aliyechoka, mwenye taa ya mafuta, usiku wa manane.

Ya Mzee haikuwa ya Marekani. Kwenye picha ya baba mdogo, pale chini, liliandikwa "Swiss Made". Na tarakimu zake hazikuwa nyeusi. Zilichorwa muhtasari tu, kama herufi za kwenye kanga kabla hazijajazwa rangi, na ndani yake kulikuwa na kitu cha rangi ya kahawia, kikavu, kama ugoro uliogandamana. Mishale pia ilikuwa na nafasi wazi katikati yenye ugoro uleule.

Hapo moyo ulishuka. Nilishasoma vya kutosha kujua ule ugoro ni nini. Ni rangi ya kung'aa gizani, na kilichoing'arisha ni radiamu.

Marie na Pierre Curie waliitambua radiamu mwaka 1898. Baadaye watu wakagundua kwamba ukiichanganya kidogo sana na unga wa salfaidi ya zinki, unga huo hung'aa wenyewe, usiku kucha, bila kuchajiwa na jua. Nyuso za namna hii zilianza kuonekana kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini vita ndivyo vilivyozisambaza: askari aliye kwenye handaki hawezi kuwasha kiberiti kusoma saa. Baada ya vita kila mtu alizitaka. Mjerumani wa Tabora kuwa na uso wa namna hiyo mwaka 1912, si jambo lisilowezekana kabisa, lakini mimi nisingeweka hela yangu hapo.

Nikaandika kwenye kundi la familia, kwa ile haraka yetu ya kazini ya kuwahi habari: hadithi ya 1912 ina walakini, uso wa saa ni wa baada ya vita, huenda Mzee aliinunua tu. Kimya. Shangazi akaweka mkono wa dua. Binamu akaniuliza kama nimelipwa na mnunuzi. Baba mdogo hakuandika kitu, alinipigia usiku, saa mbili na nusu. "Mwanangu, usimwambie Bibi."

Wiki iliyofuata aliileta saa Dar mwenyewe, imefungwa kwenye leso. Tukaenda kwa fundi saa mmoja Kariakoo, mzee ambaye meza yake ni pana kama tray ya chai na ana lenzi iliyoshika jichoni kana kwamba amezaliwa nayo. Nilimweleza kuhusu radiamu, kwamba vumbi lake ndilo baya, lisivutwe wala kulambwa. Nilikuwa nimempelekea barakoa. Akaitazama, akanitazama mimi. "Nimefungua hizi miaka arobaini," akasema. Kisha akaivaa, nadhani kwa kunionea huruma, akafungua dirisha na kutandika kitambaa kibichi mezani.

Alianza na kasha. Ndani ya kifuniko cha nyuma kulikuwa na mihuri midogo ambayo picha haikuionyesha: namba 0.800, ndege mdogo anayefanana na kwale, na pembeni yake mwezi mwandamo na taji. Hapo mimi ndiye niliyemwomba lenzi kwa pupa. Yule ndege ni muhuri wa Uswisi wa fedha ya kiwango cha 0.800. Mwezi na taji ni alama ya Dola ya Ujerumani, iliyoanza kutumika mwaka 1888, kwa fedha inayouzwa Ujerumani. Kasha hili lilitengenezwa Uswisi kwa ajili ya soko la Wajerumani.

Baba mdogo aliniuliza maana yake. Nikamwambia. Hakusema "unaona?" lakini alirekebisha kofia yake.

Kisha fundi akalegeza skrubu za uso, na uso haukutoka. Ulipaswa kudondoka kwenye kiganja. Akaingiza kisu chembamba pembeni, taratibu mno, mpaka ukaachia, na nyuma yake kulikuwa na lakiri ya kahawia iliyokauka. Mashine ilikuwa na matundu matatu ya miguu. Uso ulikuwa na alama za miguu miwili tu, na yote miwili ilikuwa imekatwa kwa tupa, si mahali yalipo matundu. Fundi akaugeuza, akaonyesha kwa ncha ya kibano zile nyufa mbili za unywele kwa mbele, moja karibu na 2, nyingine karibu na 8. "Aliyekata miguu alitumia nguvu," akasema. "Enameli haipendi nguvu." Tena akatuonyesha kwamba kijiti cha mshale wa sekunde hakikukaa katikati ya tundu lake, kimeegemea upande, kosa la nusu milimita pengine, ambalo nilikuwa nimelitazama kwenye picha miezi miwili bila kuliona.

Kwa hiyo mnunuzi alikuwa amesema kweli, na ukoo wangu nao ulikuwa haujasema uongo. Mashine na kasha vilikuwa vya zamani zaidi, vya Kijerumani kwa soko. Uso ulitoka kwenye saa nyingine kabisa, ukakatwa miguu na kugundishwa hapo. Na ndani ya kifuniko, mahali ambapo mafundi wa zamani walikuwa wakikwaruza alama zao kila wanapotengeneza saa, kulikuwa na mikwaruzo mitatu. Miwili haisomeki. Wa tatu ulikuwa 8.29. Fundi wetu aliusoma bila kusita: mwezi wa nane, mwaka 29.

Usiku ule sikulala mapema. Mwaka 1929 ulikuwa umenipa kitu ambacho sikukitafuta. Radiamu ilikuwa ghali kupita kiasi, zaidi ya dola 100,000 kwa gramu moja wakati fulani, na mwanzoni ilitoka kwa wingi kwenye mawe ya Colorado. Kisha mwaka 1922 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianza kuisafisha huko Olen, Ubelgiji, kutoka kwenye mawe ya Shinkolobwe, Katanga, yenye utajiri wa urani kuliko karibu yote yaliyokuwa yakijulikana. Bei ikaanguka hadi kama dola 70,000, machimbo ya Colorado yakafungwa, na Wabelgiji wakabaki na soko la dunia mikononi. Uso uliopakwa rangi Uswisi katika miaka hiyo ulikuwa na kila sababu ya kubeba vumbi la Shinkolobwe. Mawe yaliyochimbwa na watu wanaozungumza Kiswahili yakapanda meli kwenda Ubelgiji, yakawa chumvi kidogo ndani ya kichupa, yakafika kwenye milima ya Jura, yakarudi Tabora ndani ya mfuko wa mtu mwingine anayezungumza Kiswahili. (Mawe ya mgodi huohuo yalikuja kutumika katika bomu la Hiroshima, lakini hiyo ni habari nyingine na wengi wameiandika.) Nikakumbuka pia kwamba jeshi lililoingia Tabora Septemba 19, 1916, likawakuta Wajerumani wameondoka, lilikuwa la Wabelgiji, lililotoka Kongo.

Na kati ya Olen na Tabora kulikuwa na wanawake. Wa Marekani ndio wanaojulikana: wasichana wa kiwanda cha rangi huko Orange, New Jersey, waliofundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo, brashi kwenye mdomo, brashi kwenye rangi, brashi kwenye tarakimu, siku nzima. Taya zao zilioza. Watano walishtaki mwaka 1927, wakalipwa fidia mwaka uliofuata, wengine wakiwa hawawezi tena kusimama. Lakini uso wetu ni wa Uswisi, na Uswisi kazi hiyo nyingi ilifanyiwa nyumbani, mezani, kandokando ya mkate na watoto. Iliendelea hadi miaka ya 1960. Mwaka 2015 serikali yao ilianza mpango wa kukagua nyumba za zamani za wapakaji hao, kwa sababu radiamu bado ilikuwa kwenye sakafu na bustani. Ile 8 ya saa ya Mzee, ukiitazama kwa lenzi, rangi imevuka mstari kidogo upande wa kulia. Mkono wa mtu ulichoka hapo.

Tulikwenda Tabora kwa treni, baba mdogo na mimi, kumuuliza Bibi. Yeye ni mkwe wa Mzee, aliolewa mwaka 1953 akiwa msichana wa miaka 19, akaishi naye nyumba moja mpaka Mzee alipofariki. Hatukujua tuanzie wapi. Baba mdogo alizungukazunguka kuhusu bati, kuhusu mnunuzi, mpaka Bibi akachoka. "Mnataka kuuliza kama uso ule alibadilisha? Alibadilisha."

Tukatazamana.

Ule wa mwanzo ulivunjika, akasema, Mzee alikuwa akiusimulia: mweupe, wenye tarakimu za Kirumi, ulipasuka saa ilipoanguka kwenye reli. Reli ya kwenda Mwanza ilikuwa imeshafunguliwa (hiyo ni 1928, nilihesabu kimoyomoyo), treni za usiku zimeongezeka, na Mzee ndiye aliyeshika zamu za usiku stesheni, kazi ya kugeuza njia. Kulikuwa na fundi Mhindi mjini. Mzee alimwambia hataki uso mzuri, anataka uso wa kuonekana gizani, maana akiinua taa kusoma saa dereva anaweza kudhani amepewa ishara. Fundi alikuwa na saa moja mbovu yenye uso huo. Akamkatia.

"Nilipoolewa," Bibi akasema, "ilikuwa bado ina macho. Nimelala ndani ya chandarua naona macho kumi na mawili ukutani. Nilidhani nimeozwa kwenye nyumba ya majini."

Nilimuuliza kuhusu Mjerumani. Alimpa kweli, au Mzee aliiokota wakati Wajerumani wanakimbia mwaka 16? Baba mdogo alinikanyaga mguu. Bibi alifikiri muda mrefu, kisha akasema Mzee alikuwa akisema "alinipa" akiwa na wageni, na akiwa peke yake na mkewe alisema "niliipata". Akaomba maji ya kunywa.

Saa haikuuzwa. Mnunuzi aliweka sharti la kuutoa uso ule na kuutupa, na baba mdogo, ambaye miezi miwili nyuma alikuwa radhi, alikataa hata kabla sijafungua mdomo. Bati tulichanga. Hazikutosha nyumba nzima, upande wa jikoni bado kuna ndoo. Nilipendekeza saa ihifadhiwe kwenye kopo la bati juu ya kabati, mbali na kitanda, isifunguliwe tena, na nikamweleza Bibi sababu kadiri nilivyoweza: kwamba ule unga wa kung'aa umekufa zamani, ndiyo maana umekuwa kahawia, lakini radiamu yenyewe haijafa, itachukua miaka 1,600 kupungua nusu. Alisikiliza kwa adabu. Akauliza sasa amekaa nayo chini ya mto miaka mingapi. Hatukujibu.

Kabla ya kuiweka kwenye kopo aliomba tufunge mlango na dirisha. Tukafunga. Tukasimama gizani sote watatu, saa ikiwa mkononi mwake, baba mdogo akipumua kwa nguvu kama kawaida yake. Mimi sikuona kitu. Bibi akasema ile ya sita anaiona.